KUJUA MAHALI KWA SETILAITI, NA KIBLA CHETU



Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, katika somo hili tutaeleza namna GPS inavyojua mahali, kwa nini hukosea, na kosa husahihishwaje. Tumelichagua kwa kuwa siku hizi, kabla ya kuchimba msingi wa msikiti, mtu hutoa simu mfukoni na mihrabu ikafuata simu.

Setilaiti za GPS ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, na kila moja hutangaza saa yake. Kifaa hupima muda ambao wimbi limetumia njiani na kupata umbali. Kwa setilaiti 4 hujua kilipo. Wimbi hukimbia kiasi cha kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali hukosea mita 300! Mpaka Mei 2000 Marekani yenyewe ilitia kosa la makusudi katika mawimbi ya raia. Kosa jingine hutokana na ionosfia, tabaka la juu la anga linalochelewesha wimbi, na karibu na ikweta tabaka hilo huchafuka hasa baada ya Magharibi.

Dawa yake ni kituo kilichojengwa juu ya nukta iliyopimwa vyema. Kituo hulinganisha mahali pake pa kweli na panaposemwa na setilaiti. Tofauti ndiyo kosa, nacho huwatangazia wengine. WAAS ya Marekani, tangu 2003, na EGNOS ya Ulaya hufanya kazi hiyo. Lakini zimewekewa anga za huko. Kuwasha WAAS Dar es Salaam hakutusahihishii anga yetu.

Je, kibla kinahitaji sahihisho hilo? Hapana. Kutoka Dar es Salaam hadi Makka ni kiasi cha kilomita 3,100, na kosa la mita 10 halihamishi kibla hata sehemu moja ya elfu ya digrii. Kibla cha hapo ni takriban digrii 1 mashariki ya kaskazini halisi. Hatari iko kwenye dira ya simu, ambayo hufuata sumaku. Nondo au gari jirani huipotosha digrii nyingi, na kila digrii 1 ni kama kilomita 55 ukifika Makka. Wala tusidanganyike dira ikirudia jibu lilelile mara kumi: huo ni uthabiti, si usahihi.

Wanavyuoni wamehitilafiana kama aliye mbali hulazimika kuielekea Alkaaba yenyewe au upande wake. Hata hivyo anayejenga hujengea watu wa miaka mingi, basi apime kwa kitu kisichojua sumaku. Tarehe 27 au 28 Mei, saa 6:18 mchana, na 15 au 16 Julai, saa 6:27, jua huwa juu ya Alkaaba. Saa ya Makka na yetu ni moja. Simamisha mti wima uwanjani: kutoka ncha ya kivuli kuelekea shina la mti ndiko kibla.

Wabillahi tawfiq.