Usingizi Ni Sehemu ya Masomo

Mitihani inapokaribia, wazazi wengi hapa Machakos huwaleta kwangu wanafunzi wanaolalamikia kuumwa na kichwa na kusahau upesi. Nikiwapima, mara nyingi sioni malaria wala upungufu wa damu. Nikiwauliza hulala lini, hunijibu: saa tano usiku hadi saa kumi alfajiri. Kinachowasumbua ni kukosa usingizi.

Kijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila siku. Wakati huo ubongo haukai bure, bali huyapanga na kuyahifadhi aliyojifunza mchana. Akikatiza usingizi ili asome zaidi, hupoteza hata yale aliyokwisha kusoma. Isitoshe, katika umri wa kubalehe homoni inayoleta usingizi huchelewa kutoka jioni. Kwa hiyo kijana asiyeamka kwa urahisi alfajiri usimwite mvivu.

Mwanafunzi huweza kudhani amezoea kulala kidogo, kumbe umakini wake unapungua siku hadi siku. Huwa mwepesi wa hasira, na kinga ya mwili wake hudhoofika.

Wengine hutia miguu katika beseni la maji baridi, hunywa kahawa au hutafuna miraa. Mbinu hizi huahirisha usingizi tu, hazilipi deni lake. Ukinywa kahawa saa mbili usiku, karibu nusu ya kafeini yake huwa ingali mwilini saa saba usiku.

Mzazi, fahamu kwamba Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zilitenga muda wa kulala katika shule za bweni: saa tatu unusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mtoto wako akiamshwa saa kumi, una haki ya kuuliza sababu katika mkutano wa wazazi.

Nyumbani, zingatia haya:

1. Alale na kuamka saa zile zile, hata Jumamosi.
2. Asinywe kahawa wala chai ya rangi baada ya saa kumi jioni.
3. Simu isilale naye chumbani.
4. Usiku wa kuamkia mtihani, afunge vitabu mapema.

Iwapo analala vya kutosha lakini bado anasinzia darasani, au anakoroma sana, mpeleke kwa daktari.