Jina la Tovuti na Nafasi Yake Katika Utafutaji

Tuchukue mfano wa chama cha ushirika cha wafugaji nyuki huko Tabora. Chama kina tovuti yenye jina lake. Siku moja mjumbe anatoa shauri mkutanoni: "Tununue jina jingine lenye maneno 'asali safi', kisha tulielekeze kwenye tovuti yetu. Kila atakayetafuta asali safi atatuona sisi kwanza." Shauri linapendeza, na fedha zitakazotumika ni za wanachama. Je, lina ukweli? Ili tulijibu swali hili, hatuna budi kufahamu kwanza jinsi jina linavyoelekezwa, na jinsi mtambo wa kutafutia unavyozipanga kurasa.

1. Kuelekeza jina ni nini?

Kompyuta hutambuana kwa namba. Mfumo wa majina uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983 ndio unaotuwezesha kutumia maneno badala ya namba hizo. Msomaji anapoomba ukurasa, kompyuta inayouhifadhi, yaani seva, humjibu kwa tarakimu tatu. Jibu la 200 lina maana kwamba ukurasa umepatikana. 404, kwamba haukuonekana. Jibu la 301 husema: "Ukurasa huu umehama kabisa," na hutaja anwani mpya. Jibu la 302 husema kwamba umehama kwa muda tu. Mfano wake ni tangazo lililobandikwa mlangoni mwa duka lililohama: mteja hulisoma, kisha huenda duka lilipo sasa.

2. Mtambo hupangaje kurasa?

Kampuni ya Google ilianzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Wazo lao kubwa lilikuwa kwamba kiungo kitokacho ukurasa mmoja kwenda mwingine ni ushahidi, na kwamba ushahidi wa ukurasa wenye sifa una uzito zaidi. Leo mtambo huo hupima mambo mengi mengine pia, hasa maneno yaliyomo katika ukurasa wenyewe.

Kuna wakati ambapo maneno ya jina la tovuti yalisaidia sana. Kwa sababu hiyo watu walinunua majina yanayofanana na maneno yanayotafutwa, wakaweka humo kurasa zisizo na faida kwa msomaji. Septemba 2012 Google ilitangaza marekebisho ya kuziteremsha tovuti duni za aina hiyo. Kwa hesabu ya kampuni yenyewe, marekebisho hayo yaligusa asilimia 0.6 ya maswali ya Kiingereza ya Marekani.

3. Ni kitu gani kinachohamishwa?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Jina linalojibu 301 halina ukurasa wake. Mtambo huusoma ukurasa wa anwani mpya, na kwa kawaida huionyesha anwani hiyo mpya. Kwa hiyo maneno "asali safi" yaliyo katika jina lililoelekezwa hayauongezei ukurasa wa chama neno lolote. Kinachopita ni ule ushahidi wa viungo. Mwaka 2016 Google ilieleza kwamba uelekezaji wa namna hii haupunguzi thamani ya ushahidi huo.

Basi, jina lililosajiliwa jana, ambalo hakuna ukurasa unaolitaja, halina kitu cha kuhamisha. Sifuri ikihamishwa hubaki sifuri.

Mambo ni tofauti chama kinapobadili jina lake la miaka mingi. Jina hilo lina viungo na lina sifa, na likiachwa bila kuelekezwa, vyote hupotea. Katika kuhama huko yafaa kuzingatia mambo haya:

(a) Kila ukurasa wa zamani uelekezwe kwenye ukurasa mpya unaolingana nao. Kurasa zote zikielekezwa kwenye ukurasa wa mbele tu, mtambo waweza kuzihesabu kuwa hazipo.

(b) Litumike jibu la 301, siyo 302, iwapo kuhama ni kwa kudumu.

(c) Uelekezaji udumishwe kwa muda usiopungua mwaka 1, kama Google inavyoshauri. Ada ya jina la zamani iendelee kulipwa. Likiachwa, mtu mwingine aweza kulichukua.

Kadhalika, haifai kununua jina lililoachwa na wengine kwa sababu tu lina viungo vingi. Machi 2024 Google ilitangaza kwamba kutumia majina ya namna hiyo kwa hila, ili kuzipandisha kurasa zisizo na thamani, ni kosa.

4. Tumshauri nini mjumbe wetu?

Jina la pili si bure kabisa. Laweza kuwa rahisi kukumbukwa linapotajwa redioni au kuandikwa kwenye chupa, na kulimiliki humzuia mwingine asilitumie. Lakini lisinunuliwe kwa tumaini la kupanda katika utafutaji.

Nafasi hiyo hutafutwa kwa njia nyingine. Chama kiandike kurasa zinazoeleza jinsi asali inavyorinwa, inavyochujwa na inavyohifadhiwa, pamoja na bei zake na mahali inapopatikana. Anayetafuta asali huuliza mambo hayo, na ukurasa unaoyajibu vizuri ndio ambao wengine watauwekea viungo.