Shuka Mbali, Rudi kwa Miguu: Vidokezo 9 vya Kutembea Vilima vya Llangollen kwa Basi

Mwenye gari akienda kutembea vilimani ana deni moja: popote atakapofika, lazima arudi alikoliegesha. Msafiri wa basi hana deni hilo. Anashuka huku, anatokea kule, na hapo katikati bonde zima ni lake. Llangollen, mji mdogo wa kaskazini-mashariki mwa Wales wenye mto Dee unaopita katikati yake, ni mahali pazuri pa kuonja uhuru huo. Barabara ya basi inaufuata mto, na njia za miguu zinapita juu yake kushoto na kulia. Kama unasoma Liverpool au una ndugu Birmingham, hii ni safari ya mwisho wa wiki.

1. Treni mpaka Ruabon, kisha basi

Llangollen haina treni ya kawaida. Huduma ya abiria ilifungwa mwaka 1965. Stesheni iliyo karibu ni Ruabon, kwenye reli ya Shrewsbury na Chester, na kutoka hapo basi halichukui muda mrefu. Ukifika mjini utasikia honi ya treni ya mvuke na kudhani umedanganywa. Hiyo ni reli ya wapenzi wa treni za zamani, na tangu 2023 inafika mpaka mji wa Corwen. Haifanyi kazi kila siku, kwa hiyo ipande kwa starehe. Usiitegemee ikurudishe.

2. Basi la kulijua ni T3

Linatoka Wrexham, linapita Ruabon, Llangollen, Corwen, Bala na Dolgellau, na safari yake inaishia Barmouth, kando ya bahari. Hakuna konda, wala hakuna wa kuita abiria. Linakuja kwa ratiba, lijae lisijae. Simama kituoni, na ukiliona linakuja nyoosha mkono, maana usipofanya hivyo dereva anaweza kukupita akidhani unapunga upepo. Nauli unamlipa yeye mlangoni, na kadi ya benki inakubalika. Jumapili mabasi hupungua. Kabla ya kuondoka kituoni piga picha ya ratiba iliyobandikwa pale, hasa saa ya basi la mwisho, kwa sababu mtandao wa simu huko vilimani haueleweki.

3. Anza na basi, malizia na miguu

Hiki ndicho kidokezo kinachobeba vingine vyote, na ndicho watu wengi hukifanya kinyume. Wanatoka Llangollen asubuhi kwa miguu, wanafika mbali, halafu jioni wanakimbizana na basi la kurudi huku magoti yanalia. Geuza. Asubuhi, ukiwa na nguvu na ratiba iko mkononi, panda basi likupeleke mbali. Kisha tembea kuelekea kwenye kitanda chako. Ukichelewa, umechelewa kula tu.

4. Trevor, njia ya chini: mfereji na daraja la Pontcysyllte

Shuka Trevor, dakika chache kabla ya Llangollen ukitokea Ruabon. Ulizia mfereji, na baada ya mwendo mfupi utakuwa mbele ya kitu ambacho picha hazikitendei haki. Pontcysyllte ni daraja linalobeba maji. Mfereji mzima, na mashua zake, unavuka bonde ndani ya hori la chuma lenye urefu wa mita 307, lililo mita 38 juu ya mto. Wahandisi Thomas Telford na William Jessop walilijenga kwa miaka 10, likafunguliwa 1805, na mwaka 2009 UNESCO ikaliingiza katika Urithi wa Dunia.

Watembea kwa miguu wana kijia upande mmoja, chenye vyuma vya kushikilia. Upande wa pili hauna kitu: ukingo wa hori umeinuka kidogo tu juu ya maji, na baada ya hapo ni hewa. Abiria wa mashua akitazama upande huo anaona vilele vya miti kwa chini. Mwenye kizunguzungu avuke akitazama mbele na aiache simu mfukoni.

Vuka, rudi, kisha fuata mfereji kuelekea magharibi. Ni kama kilomita 7 za tambarare mpaka Llangollen. Hakuna kupanda, na si rahisi kupotea, maana maji yanakuongoza. Mtoto anaweza, bibi anaweza. Ukifika mjini unaweza kukutana na mashua ya watalii inayovutwa na farasi, kama zamani. Mpishe farasi, na uikwepe kamba.

5. Trevor, njia ya juu: ngome ya Dinas Brân

Kituo ni kilekile, ila safari hii ufuate alama ya tunda la mwaloni. Hiyo ni alama ya njia kuu za taifa, na hapa inaonyesha Offa's Dyke Path, njia ya kilomita 285 inayofuata mpaka wa Wales na Uingereza kutoka bahari hadi bahari. Wewe unachukua kipande tu. Njia inapanda ndani ya msitu, ukitoka msituni unajikuta kwenye kibarabara cha juu wanachokiita Panorama, na jina limekaa: kulia magenge ya chokaa ya Eglwyseg yamepangana ngazi kwa ngazi, kushoto bonde la Dee, na mbele kilima cha duara chenye magofu kichwani.

Magofu hayo ndiyo Dinas Brân, mita 321 kutoka usawa wa bahari. Ngome ilijengwa katika miaka ya 1260 na Gruffudd ap Madog, mtawala wa Powys ya kaskazini. Mwaka 1277 jeshi la mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza lilipokaribia, walinzi wenyewe waliitia moto. Haikufikisha hata miaka 20. Kilichobaki ni vipande vya kuta na tao moja moja la dirisha, na upepo ambao hata Julai utakufanya ukumbuke sweta. Hakuna kiingilio wala duka la soda. Kushuka mpaka mjini ni mteremko mkali wa zaidi ya mita 200. Ukiwa umetokea Trevor unaushuka badala ya kuupanda, na hiyo peke yake inatosha kulipia nauli.

6. Corwen, kwa wenye pumzi

T3 linakushusha Corwen karibu na sanamu ya Owain Glyndŵr akiwa juu ya farasi. Huyu ndiye aliyetangazwa Mwanamfalme wa Wales tarehe 16 Septemba 1400 huko Glyndyfrdwy, kijiji ambacho basi lako hukipita njiani. Kutoka Corwen kurudi Llangollen kuna njia mbili, kila moja kama kilomita 24. Dee Valley Way inapita kaskazini mwa mto, kijiji kwa kijiji. North Berwyn Way inapita kusini, juu kwenye nyika za Berwyn, karibu na kilele cha Moel Fferna chenye mita 630. Huko juu hakuna mti wala kivuli, na ukungu ukishuka huoni buti zako.

Kwa mara ya kwanza chagua Dee Valley Way. Si kwa sababu ya woga. Ukichoka katikati, unavuka mto kwenye daraja la Carrog au la Glyndyfrdwy, unaifikia barabara kuu na kulingoja T3 likuokote. Njia ya Berwyn haina msamaha wa namna hiyo.

7. Siku ya miguu kuuma

Usipande chochote. Fuata mfereji kilomita 3 hivi kwenda magharibi mpaka Horseshoe Falls. Licha ya jina lake si maporomoko, ni bwawa la Telford lililopinda kama kiatu cha farasi, lililojengwa 1808 ili kuyageuza maji ya Dee yaingie mferejini. Njiani kurudi unaweza kuchepuka kwenda Valle Crucis, magofu ya abasia iliyoanzishwa 1201.

8. Mavazi na ramani

Koti la mvua, hata jua likiwaka. Buti zenye meno, maana matope ya kondoo yanateleza kuliko ganda la ndizi. Ramani ya karatasi: Ordnance Survey Explorer namba 255 na 256 ndizo za eneo hili. Desemba giza huingia saa kumi jioni, kwa hiyo beba tochi; Juni mwanga huendelea mpaka baada ya saa tatu usiku.

9. Adabu za njiani

Geti ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ulilolikuta wazi, liache wazi, kwani mfugaji ana sababu yake. Mbwa afungwe kamba penye kondoo. Na moto, hapana kabisa, hata wa kuchemshia chai. Kiangazi cha 2018 mlima wa Llantysilio, hapo juu ya mji, uliwaka kwa wiki kadhaa, moto ukifukuta chini ya ardhi. Chai beba kwenye themosi.

Kama una siku moja tu, achana na mengine yote ufuate namba 5. Panda basi la mapema. Daraja la Pontcysyllte liko karibu sana na kituo, usiliache. Lipitie kwanza, kisha upande kilimani.