MZEE ANAPOPALIWA
Shida ya kumeza kwa wagonjwa wa Parkinson: kijitabu cha familia za Kilimarondo, Nachingwea na Ruangwa

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha kila nyumba inayomuuguza mgonjwa wa Parkinson, ambao wengi huuita ugonjwa wa kutetemeka. Ni cha wahudumu wa afya ngazi ya jamii pia. Tunataka jambo moja lieleweke: mgonjwa anayepaliwa kila akila si mlafi, wala hadeki. Ugonjwa umemgusa misuli ya kumeza. Akikalishwa vizuri na kupewa muda wa kula, hatari hupungua sana.

Ugonjwa wenyewe

Daktari James Parkinson wa London aliueleza mwaka 1817, na tangu wakati huo alitaja wagonjwa wanaotokwa udenda na kumeza kwa taabu. Hapa Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, katika jamii ya watu zaidi ya 161,000, wakakuta wagonjwa 33. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008. Kwa hiyo wagonjwa wapo vijijini, hata pale ambapo jina la ugonjwa halijawahi kutajwa.

Kinachotokea ni kwamba seli za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa kidogo kidogo. Bila dopamini ya kutosha mwili huwa mzito: mkono hutetemeka, hatua hufupika, sauti hufifia. Ulimi na koromeo navyo ni misuli, navyo huzembea. Tonge hukaa mdomoni muda mrefu, na maji huteremka kabla njia ya hewa haijafungwa. Ugonjwa huu hauambukizi na haukuletwa na mkono wa mtu.

Dalili za kuangalia

- Anakohoa au kusafisha koo wakati wa kula, au muda mfupi baadaye.
- Baada ya kunywa, sauti inakuwa kama ina maji ndani yake.
- Udenda unamtoka. Mara nyingi mate hayajaongezeka. Yeye ndiye anayemeza mara chache.
- Chakula kinabaki shavuni.
- Wenzake wamenawa mikono, yeye bado yuko nusu ya chakula.
- Nguo zinampwaya kwa kukonda.
- Homa na kifua vinamrudia mara kwa mara.

Mgonjwa asiyekohoa anaweza kuwa hatarini vilevile. Kwa baadhi yao kikohozi cha kujikinga hudhoofika, chakula na mate vikaingia mapafuni kimya kimya. Hapo huanza nimonia, ambayo ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wagonjwa hawa. Ndiyo maana homa ya mgonjwa wa Parkinson isichukuliwe moja kwa moja kuwa malaria. Apimwe malaria, na kifua chake kisikilizwe pia.

Wakati wa kula

Katika nyumba zetu watu hukaa mkekani, wakala sinia moja. Mgonjwa wa Parkinson hapo hupata tabu mara mbili: mgongo hauna pa kuegemea, na mikono ya wenzake ina kasi kuliko yake. Ama ataharakisha apaliwe, ama ataacha kula akiwa na njaa. Mpakulieni sahani yake, lakini msimtenge. Akae nanyi, kwenye kiti chenye egemeo.

1. Akae wima, nyayo zikanyage chini, kidevu kiinamishwe kidogo. Asile wala kunywa akiwa amelala au ameangalia juu.
2. Tonge liwe dogo. Ameze, kisha ameze tena mdomo ukiwa mtupu, ndipo achukue jingine.
3. Asiongee na chakula mdomoni. Redio izimwe, na maswali yangoje.
4. Anayemlisha akae usawa wake. Ukimlisha umesimama, atainua kichwa, na njia ya hewa itabaki wazi.
5. Akimaliza, asukutue na apigwe mswaki ili mabaki yatoke. Kinywa kichafu huongeza hatari ya nimonia.
6. Abaki ameketi angalau nusu saa kabla ya kulala.

Chakula kipi?

Chakula laini kinachoshikamana humfaa zaidi: ugali laini uliolowekwa mchuzi mzito, uji mzito usio na madonge, mbaazi zilizoiva zikapondwa na kuchujwa maganda, papai au ndizi mbivu iliyopondwa, samaki aliyetolewa miiba yote.

Awe mwangalifu na vikavu na vinavyosambaa mdomoni, kama korosho na karanga za kukaanga, bisi, na muhogo mkavu. Vilevile supu nyepesi yenye vipande, kwa sababu maji hutangulia na nyama hubaki. Karanga zikisagwa laini na kuungwa kwenye mboga, lishe yake haipotei.

Maji humpalia kwa urahisi kuliko uji. Hata hivyo msimnyime, kwa kuwa ukosefu wa maji huleta udhaifu na kufunga choo. Anywe kwa mafunda madogo. Kabla ya kuanza kumzidishia uzito vinywaji vyote, ulizeni mtaalamu.

Dawa

Levodopa pamoja na kabidopa ndiyo dawa inayotumika zaidi. Inywewe kwa saa zilezile kila siku, ikiwezekana nusu saa kabla ya kula. Chakula kikija dawa imeshaanza kazi, misuli huwa myepesi. Nyama, maharage na maziwa vikiliwa pamoja na dawa vinaweza kuizuia isifyonzwe vizuri.

Dawa isikatishwe ghafla, hata kwa sababu ya mfungo, bila ushauri wa daktari. Kidonge kisipomezeka, ulizeni kabla ya kukiponda, maana vingine havipondwi. Akitapika na kupelekwa kutibiwa, semeni mapema kwamba ana Parkinson: metoklopramaidi, dawa ya kuzuia kutapika, huweza kuuzidisha ugonjwa.

Akikabwa

Akiwa bado anakohoa, mhimizeni akohoe kwa nguvu. Msimpe maji.

Akishindwa kukohoa, kusema au kupumua:

1. Mwinamishe mbele, umpige kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega mara 5.
2. Kisipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, ishike kwa mkono wa pili, vuta ndani na juu mara 5.
3. Rudia kwa zamu huku mwingine akitafuta msaada.
4. Akizimia, mlaze chali na uanze kumkandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa kasi. Usichokonoe koo kwa vidole bila kuona kitu.

Hata akipona hapo hapo, apelekwe kuangaliwa.

Muende wapi?

Anzeni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka hapo mgonjwa huweza kupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mtwara. Madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu wapo Muhimbili, Dar es Salaam. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo aulize utaratibu wa msamaha wa gharama kwenye dirisha la wazee.

Mnapokwenda, bebeni dawa zake zote. Mwelezeni mganga anapaliwa na nini, chakula au maji, tangu lini, amekonda kiasi gani, na kifua kimemsumbua mara ngapi. Msingoje aache kula ndipo mwende. Kupaliwa kwa mara kwa mara peke yake kunatosha kumpeleka.