Dainamo ya Baiskeli katika Somo la Umeme

Mwalimu wa sayansi katika shule isiyo na maabara hudhani kwamba hana kifaa cha kufundishia habari za sumaku na umeme. Mara nyingi kifaa kimeegemezwa ukutani, nje ya darasa lake: baiskeli yenye dainamo.

Baiskeli na ipinduliwe, isimame juu ya usukani na kiti chake, na kichwa cha dainamo kiguse ubavu wa tairi. Mwanafunzi mmoja azungushe pedali polepole, kisha kwa kasi, kisha aache. Taa itawaka kwa unyonge, itang'aa, itazimika. Hapo mwalimu asieleze lolote, bali aulize: umeme umekwenda wapi? Wengi watasema ulikuwamo ndani ya dainamo, kama maji mtungini. Jibu hilo si sahihi, lakini lisikemewe, maana ndilo litakaloongoza kipindi kizima.

Sasa ifunguliwe dainamo mbovu. Ndani hamna betri. Mna sumaku inayozunguka pamoja na kichwa kile, na koili ya waya wa shaba. Wanafunzi waijaribu sumaku kwa misumari. Kisha waulizwe: ikiwa sumaku ipo na waya upo, mbona baiskeli ikisimama taa haiwaki? Swali hili ndilo kiini cha somo. Sumaku iliyotulia kando ya waya haitoi umeme. Sharti nguvu za sumaku zipitazo ndani ya koili zibadilike. Michael Faraday wa Uingereza alilithibitisha jambo hili mwaka 1831. Jina lake laweza kungoja, wazo lisingoje.

Wazungushe tena, dainamo ikigusa tairi na isipogusa. Mkono utahisi tofauti: sehemu ya uzito huo ni msuguano, sehemu ni kazi inayogeuzwa kuwa umeme. Mitambo ya Kidatu, katika mto Ruaha Mkuu, hufuata kanuni hiyo hiyo, ila huzungushwa na maji.

Mota ni kinyume chake: waya hupewa mkondo, nao husukumwa na sumaku. Aanze na jaribio la Oersted wa Denmark, la mwaka 1820. Waya ulazwe juu ya dira, sambamba na sindano; ukikingama, sindano yaweza isitikisike, na mwalimu ataaibika bure. Uguse betri kwa nukta chache tu, usije ukaimaliza.

Watakuwapo watakaotamani kujaribu soketi ya ukutani. Dainamo hutoa volti 6 hivi. Soketi, volti 230. Onyo litolewe kabla ya jaribio la kwanza.