SOMO: Nakala ya Vitshumbi inakataa kufunguka Goma. Tufanye nini?



Kooperativi nyingi sasa ziko na daftari mbili: kaye ya mkono, na daftari ya kompyuta, ndiyo inaitwa hifadhidata. Ndani yake muko majina ya wanamemba, hisa, akiba, namba za mitumbwi na kilo za samaki waliopimwa. Ikipotea, mvuvi wa Vitshumbi ataonyesha nini ili ajulikane kama alishalipa hisa yake?

Kwa hiyo tunashauri nakala ikae zaidi ya mahali pamoja. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulifunika sehemu kubwa ya katikati ya mji wa Goma. Daftari iliyokuwa ndani ya nyumba iliyoungua, bila nakala pengine, haikurudi. Na vita ikifika kijijini, watu wanakimbia bila kubeba mashini.

Tuseme basi nakala ziko kwenye seva tatu: Vitshumbi, Kiwanja na Goma, na biro ya Goma njo inaziangalia zote. Siku moja Goma inajaribu kufungua nakala ya Vitshumbi, mashini inakataa. Mara nyingi faili haikuoza. Mashini mbili hazisikilizane tu. Tuangalie sababu tatu.

1. Toleo la programu. Programu mpya kwa kawaida inasoma kazi ya programu ya zamani, lakini ya zamani haisomi ya mpya. Access ya 2003 haifungui faili ya accdb, iliyoanza na Access ya 2007. MySQL 5.7 nayo inaweza kukataa nakala iliyotoka kwa MySQL 8.0, kwa sababu haijui utaratibu mpya wa kupanga herufi.

2. Herufi. Jina Hélène likitokea kama HÃ©lÃ¨ne, mashini moja inaandika kwa UTF-8 na ingine inasoma kwa namna ya zamani. Jina likiharibika, mwanamemba anaweza kuandikwa mara mbili, ao asionekane kabisa.

3. Koma na tarehe. Hii ni hatari zaidi, sababu mashini haisemi kitu. Kompyuta ya Kifaransa inaandika kilo 2,5. Ile iliyopangwa kwa Kiingereza inaandika 2.5, na ikikuta ile koma inaweza kuisoma 25! Vilevile 03/04 ni tarehe tatu ya mwezi wa nne kwetu, lakini kwa mpango wa Marekani ni tarehe ine ya mwezi wa tatu.

Njia ya kufuata

- Usifute kitu. Weka nakala iliyokataa pembeni, ufanyie kazi kwenye nakala yake ingine.
- Andika kwenye kaye toleo la programu la kila seva. Mara nyingi jibu linaonekana hapo hapo.
- Ukiwa na lazima ya kupandisha toleo, anza na biro ya katikati, kisha seva zingine moja moja. Ukianza na Vitshumbi, Goma inaweza kushindwa kuisoma.
- Mbele ya kupandisha, toa daftari yote katika maandishi wazi (CSV ao SQL) yenye UTF-8. Usikopi folda ya hifadhidata wakati programu inatumika: nakala inaweza kutoka imevunjika.
- Patana wote juu ya namna moja: tarehe 2024-04-03, nukta kwa desimali.
- Kila mwezi fungua nakala moja kwenye mashini isiyo ya kazi. Hesabu wanamemba, jumla ya akiba na jumla ya kilo, linganisha na kaye ya mkono. Nakala ambayo haijafunguliwa bado ni matumaini tu.

Kazi hii si ya sekretere peke yake. Mwanamemba haitaji kujua kompyuta ili aulize: "Nakala yetu ilifunguliwa lini mara ya mwisho, na hesabu ilikuwa sawa?"

Maswali ya kuzungumza kwenye mkutano

1. Nakala zetu ziko wapi, na nani anazo funguo?
2. Seva zetu ziko na toleo moja?
3. Biro ikiungua leo, tutajua hisa ya kila mtu kwa siku ngapi?