Darasa la Kuunganisha: Soma Udongo Kabla ya Kuuliza Bei

Rashi ya dhahabu ikilipuka, shule huwa ya mwisho kupata habari. Wachimbaji hutangulia, mama lishe na wenye maduka hufuata, kisha watoto. Ghafla dawati la watatu linakaliwa na watano. Sensa zinaonyesha kasi hiyo: Mkoa wa Geita ulikuwa na watu takriban milioni 1.74 mwaka 2012, na kufikia 2022 walikuwa karibu milioni 2.98.

Mwaka 2021 Serikali ilitumia fedha za UVIKO-19 kujenga madarasa 15,000 nchini, 3,000 kati yake katika shule shikizi, kwa Sh milioni 20 kila darasa. Hata hivyo vijiji vingi bado vina maboma yaliyoishia kwenye lenta. Ndiyo maana kamati ya shule ikisikia kuna darasa linalosimama kwa wiki chache, masikio husimama pia. Kabla ya kukubali au kukataa, pitieni mambo haya.

Ni ujenzi wa namna gani?

Katika ujenzi wa moduli, sehemu za jengo hutengenezwa kwanza mahali pengine kwa vipimo vinavyofanana, kisha huunganishwa kiwanjani. Kwetu Geita na Shinyanga, njia mbili ndizo zinazofikika.

Ya kwanza ni chumba cha fremu ya chuma chenye kuta za paneli, au kontena lililokatwa madirisha. Ni jamaa wa vyumba vya kambi za migodini. Hufungwa kwa nati na bolti, na kinaweza kufunguliwa kikahamishwa.

Ya pili ni tofali za kufungamana: udongo, saruji kidogo na maji, vikigandamizwa kwa mashine hadi kila tofali liwe na ulimi na mfereji wa kushikana na jenzake. Si moduli kamili, lakini faida nyingi ni zilezile, kwani vipimo ni sawa na maungio hayali saruji nyingi. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) umezihimiza kwa miaka mingi. Kwa Shinyanga zina uzito wa pekee, kwa sababu hazichomwi. Mkoa uliohangaika kurudisha miti na ngitili (maeneo ya malisho yaliyotengwa) kupitia mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza 1986 hauna kuni za kuteketeza kwenye tanuri za matofali.

Kuchagua: watu watakaa au watahama?

Kama kitongoji kimezaliwa na rashi na hakuna anayejua dhahabu itadumu misimu mingapi, chumba kinachohamishika kina maana. Machimbo yakikauka, darasa hufuata watoto badala ya kubaki makazi ya popo. Kama ni kijiji cha wakulima na wafugaji wenye mashamba na makaburi ya wazee wao, jengeni kwa tofali. Fundi wa kijijini ataweza kulikarabati bila kusubiri kipuri kutoka mbali.

Udongo hauna haraka

Chumba chepesi hakiondoi haja ya msingi. Wasukuma wameupa udongo wao majina kwa sababu: luseni ni kichanga cha juu mteremkoni, na chini bondeni kuna mbuga, ule mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Darasa la tofali likiwekwa juu ya mbuga hupata nyufa, na la fremu ya chuma huinama hadi milango ikagoma kufunga. Ombeni kiwanja cha juu. Kikikosekana, mhandisi wa halmashauri aeleze kwa maandishi udongo utaondolewa kina gani, utajazwa moramu kiasi gani, na maji ya mvua yatapita wapi.

Udongo wa tofali nao upimwe. Jaribio la awali ni rahisi: jazeni chupa angavu udongo hadi nusu, ongezeni maji, tikiseni, iacheni hadi kesho. Mchanga hutua kwanza, mfinyanzi hubaki juu. Tabaka la mfinyanzi likiwa nene sana, tofali zitapasuka zikikauka. Kipimo cha maabara ndicho cha mwisho. Zikishafyatuliwa, zifunikwe kivulini na kumwagiliwa kwa siku 7 au zaidi.

Joto, kelele na radi

Kuta za bati tupu zitageuza darasa kuwa oveni mchana wa Oktoba Shinyanga. Daini paneli zenye kizuia joto kisichoshika moto kirahisi, madirisha ya pande mbili zinazotazamana, dari na baraza. Dari hupunguza pia kelele za mvua juu ya bati, zinazomlazimisha mwalimu kunyamaza katikati ya somo.

Radi haina mjadala. Januari 2025 iliua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda wilayani Bukombe. Kila mradi, wa chuma au wa tofali, uwe na kizuia radi kilichounganishwa ardhini na kupimwa na fundi umeme mwenye leseni. Gharama yake iandikwe kwenye mchanganuo tangu mwanzo.

Kalenda na fedha

Shule hufunguliwa Januari, na mvua huanza mwishoni mwa mwaka. Anayeanza kufyatua tofali Novemba anashindana na mawingu. Fyatueni kati ya Juni na Septemba. Kontena linaloshushwa bandari kavu ya Isaka lifike kiwanjani kabla barabara za vijijini hazijawa tope. Bei ya muuzaji iulizwe hivi: je, inahusisha usafiri, kreni, msingi, umeme na madawati? Mara nyingi msingi huachwa nje.

Fedha za umma hupitia mfumo wa ununuzi wa NeST. Mgodi ukijitolea, mradi uingie kwenye mpango wa uwajibikaji kwa jamii ambao sheria ya madini, baada ya marekebisho ya 2017, inautaka ukubaliwe na halmashauri. Zawadi isiyo kwenye mpango huo haina wa kuikarabati.

Siku ya makabidhiano

Kamati ya mapokezi isisaini kabla ya kufunga na kufungua kila mlango, kumwaga maji juu ya paa, na kupokea michoro, orodha ya vipuri na barua ya dhamana. Sehemu ya malipo ibaki hadi kipindi cha matazamio kiishe, ili angalau masika moja yapite juu ya jengo.

Kwa chumba kinachohamishika, muhtasari ubebe jambo la ziada: kimeingia kwenye daftari la mali la halmashauri, na kitongoji kikihama, shule gani itakipokea na nani atalipa lori. Makubaliano hayo yafanyike sasa, wakati watoto bado wamejaa darasani. Rashi ikihamia kilima kingine, atakayebaki na spana ndiye atakayeamua.